Sura Zetu Zisikae Ugenini

Na Mwandishi Wetu, Mtera

Wapo wenye kasumba wasemao kwamba mtu wa Mtera hana haja ya picha. Ati apewe wavu na unga, basi ametosheka. Maneno hayo twayajua, ni ya mkoloni.

Wazee wanaikumbuka shilingi ya enzi ile: upande huu kichwa cha mfalme wa Uingereza, upande ule simba. Mwafrika hakuwamo. Naye akipigwa picha, chini huandikwa kabila lake tu, jina hakuna, kama ng'ombe wa mnada. Mpaka 1966 ndipo sarafu zetu wenyewe zilipotoka na uso wa Mwalimu Nyerere.

Sasa tazameni, ndugu. Yuko binti yetu, Sungi Mlengeya, aliyezaliwa Dar es Salaam 1991. Uchoraji alijifundisha mwenyewe, na 2018 akaacha kazi ya benki ashike brashi. Huchora wanawake weusi, weusi hasa, juu ya kitambaa kilichoachwa cheupe kitupu. Hamna twiga wala mlima wa kumfurahisha mtalii. Hata nguo zao nyeupe zimepotelea katika weupe ule, zikabaki nyuso, shingo na mikono. Mtu peke yake, au wenzi walioegemeana. Mtazamaji hana pa kukwepea, lazima aonane nao ana kwa ana.

Picha hizo zilitundikwa Kampala, na 2022 zikaonyeshwa London. Vema, hatumlaumu, msanii naye hula. Twawalaumu wenye funguo za majumba ya umma. Maji ya bwawa letu hushuka kwenda kuzungusha mitambo ya Kidatu, lakini umeme wake hurudi kwa waya. Je, sura zetu zirudi kwa waya gani?

Mtatuambia Dodoma ni nchi kame, picha ni anasa. Uongo! Katika Dodoma hii hii, huko Kondoa, watu waliishi kwa kuwinda na kuchimba mizizi, nao wakachora watu miambani. UNESCO ikaviandikisha vichoro hivyo 2006. Hawakungoja washibe.

Twauliza basi: katika ofisi za Serikali zilizohamia Dodoma, ni kuta ngapi zina uso wa mama wa kawaida, uliochorwa na Mtanzania? Twataka zinunuliwe picha hizo, na nakala za karatasi ziletwe mashuleni, Mtera isirukwe. Binti wa mkausha samaki azione kabla ya mgeni wa London.