IFUNDA ILIWEZEKANA, MALANGALI JE?



Kuna maneno husemwa na wenye vyeo, na kwa kurudiwa mara nyingi yameanza kusikika kama hekima. Maneno yenyewe ni haya: "Kazi ya mwanafunzi ni kusoma. Mambo ya vyama awaachie wakubwa." Nchi ikipatwa na shida maneno hayo huongezwa ukali, kwamba huu si wakati wa mikutano ya watoto. Sisi watu wa Nyanda za Juu za Kusini hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta jibu. Jibu limezikwa Ifunda, katika njia ya Iringa kwenda Mbeya, mahali ambapo mpaka leo yapo makaburi ya Wapolandi.

Vijana wengi hawajui Wapolandi walifikaje hapo, basi tueleze. Septemba 1939 nchi ya Polandi ilivamiwa na Wajerumani upande mmoja na Warusi upande wa pili. Mwaka 1940 na 1941 Warusi waliwachukua raia kwa malaki wakawatupa Siberia na Kazakhstan. Walipofunguliwa, wengi walitokea Iran, na kuanzia mwaka 1942 Waingereza wakawaleta maelfu ya watu hao Afrika ya Mashariki, wengi wao wanawake na watoto. Tanganyika iliwapokea katika kambi za Tengeru, Kondoa na Morogoro, na mbili nyingine katika jimbo letu, yaani Ifunda na Kidugala.

Watoto wale walikuwa wamepoteza nyumba na nchi, na wengine baba na mama. Hatuna neno baya juu yao. Lakini tazameni walivyoishi. Walikuwa na shule zao kwa lugha yao, na pamoja na shule walikuwa na vyama: skauti wa kiume na wa kike, kwaya, na michezo ya kuigiza. Skauti ile haikuwa ya kufunga mafundo ya kamba tu. Hapo ndipo ilipotunzwa bendera, na nyimbo, na historia ya taifa ambalo wakati ule serikali yake ilikuwa mkimbizi London. Mtoto aliyechukuliwa kwao akiwa mdogo, akateseka Siberia, alifika katikati ya Uhehe akafundishwa na wenziwe kwamba yeye ni Mpolandi na kwamba nchi yake haijafa.

Je, serikali ya Mwingereza iliwaambia, "Ninyi someni tu, vita havijakwisha"? Haikuwaambia hivyo. Iliwaachia. Na huko kwao, Wajerumani walikuwa wamezifunga shule za sekondari za Wapolandi, wanafunzi wakasoma kwa siri majumbani na skauti wakafanya kazi zao kwa siri. Mji wa Warsaw ulipoinuka Agosti 1944, skauti wadogo walichukua barua chini ya risasi, na wakubwa wao walishika bunduki. Mjerumani alijua alichokuwa akikifunga. Mwingereza naye alijua alichokuwa akikiachia.

Sasa tutoke Ifunda, tufuate njia ya Mbeya, kisha tukate kwenda Malangali.

Shule ya Serikali ya Malangali ilifunguliwa mwaka 1928, na Bwana Mumford aliyeisimamia alikuwa na jaribio lake. Wazee wa makabila waliitwa waje kufundisha. Vijana wakacheza ngoma, wakatupa mikuki, wakachunga ng'ombe, ili elimu isiwatenge na wazazi wao. Jaribio hilo lilisifiwa na wataalamu hata Ulaya. Hatusemi ngoma ni mbaya. Ngoma ni yetu, na ng'ombe ni wetu. Tunauliza jambo moja tu: ni nani aliyeketi akaamua kwamba hicho ndicho kijana wetu anachohitaji? Aliyeamua ni Mzungu. Na alichoamua ni kwamba Mhehe abaki Mhehe, Mbena abaki Mbena, Msangu abaki Msangu. Baadaye Bwana Mumford aliondoka na jaribio lake likafifia, lakini fikra ile ya kumtawala kila mtu katika zizi la kabila lake haikuondoka naye. Vita vilipokuja iliwakuta vijana wetu pale pale.

Basi linganisheni, ndugu zangu. Jimbo ni moja, miaka ni ile ile, serikali ni ile ile. Mgeni aachiwa kukusanyika kwa jina la taifa lake. Mwenye nchi apangiwa kwa kabila, na kaka zake wamechukuliwa askari wa KAR kwenda kupigana Uhabeshi, Bukini na Burma, na wengine wamekamatwa kwa nguvu kwenda kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na ya mpira. Huyu ndiye aliyeambiwa bado hajawa tayari!

Lakini vijana hawakungoja kuambiwa kwamba wako tayari. Mwaka 1943, vita vikiendelea, wanafunzi wachache wa Tanganyika waliokuwa Makerere, miongoni mwao Julius Nyerere na Andrew Tibandebage, waliunda chama chao cha ustawi wa Waafrika wa Tanganyika. Angalieni jina: Tanganyika, wala si kabila. Hakuna mwalimu aliyewapa katiba. Chama kile kidogo kiligeuka kuwa tawi la African Association, na African Association ndiyo iliyogeuka kuwa TANU tarehe 7 Julai 1954. Watawala waliyatambua mapema yaliyokuwa yakipikwa. Ndiyo maana mwaka 1953 walitoa amri ya kuwakataza watumishi wa serikali kujiunga na vyama vya siasa, wakiwamo walimu, yaani wale wale waliokuwa wanafunzi wakati wa vita.

Na tuseme kweli hata inapotuuma. Baada ya Uhuru sisi wenyewe tuliuchukua ufunguo ule ule. Mwaka 1970 chama cha wanafunzi wa mapinduzi cha Chuo Kikuu, USARF, kilipigwa marufuku pamoja na gazeti lake Cheche, ingawa vijana wale walikuwa wakidai ujamaa zaidi, si kuupinga. Mwaka 1978 ikaja zamu ya DUSO. Aliyezifunga safari hiyo hakuwa Gavana.

Leo shule zetu zina vyama vingi. Kuna skauti, kuna klabu za kupinga rushwa, kuna UKWATA, TYCS na TAMSYA. Ni vizuri. Lakini mwulize mwanafunzi: mwenyekiti wenu alichaguliwa na nani, na je, jina lake halikupitishwa ofisini kwanza? Mada ya mdahalo wa wiki hii ameileta nani? Mimi nimekaa katika midahalo ya shule nisiyoweza kuihesabu, na kila mara nimekuta hoja ni ile ile iliyozeeka kuliko majengo: elimu ni bora kuliko mali, au mkulima ni bora kuliko daktari. Watoto wa miaka kumi na minane, wenye haki ya kupiga kura, wanabishana juu ya mkulima na daktari, na hali bei ya mahindi ya baba zao haijadiliwi na mtu!

Wanachama mlio katika bodi za shule za Malangali, Ifunda, Tosamaganga na kwingineko, kikao kijacho msiishie kwenye hesabu ya madawati na chakula. Ombeni katiba za vyama vya wanafunzi ziwekwe mezani, mtazame zimeandikwa kwa mkono wa nani. Kisha mwulizeni mkuu wa shule ni lini mara ya mwisho wanafunzi walijiitia mkutano wao wenyewe, wakachagua mada yao, na mwalimu akaketi nyuma akisikiliza.