Bakteria wa Udongo Hawatatufagilia

Wako wenzetu wasemao kwamba udongo hujisafisha wenyewe, kwa kuwa bakteria waliomo hula kila uchafu. Kwa majani makavu na maganda ya ndizi neno hilo ni kweli. Kwa metali nzito, kama vile zebaki, risasi na kadmiamu, si kweli, tena naona ni hatari kuliamini.

Metali haiozi. Jani huvunjika likawa kitu kingine, lakini zebaki ni elementi, nayo itabaki zebaki hata miaka elfu. Basi bakteria hufanyaje wasife? Mwaka 1976, katika kiwanda cha zinki huko Ubelgiji, alipatikana bakteria ambaye siku hizi huitwa Cupriavidus metallidurans. Yeye huishi mahali ambapo wengi wa jamii yake hufa. Katika utando wa seli yake mna pampu ndogo mno zitoazo nje zinki, kadmiamu na kobalti, mfano wa mabaharia wafuao maji jahazini. Chombo husalimika, lakini maji yamerudi baharini. Kadhalika metali ile imerudi udongoni.

Bakteria wengine hupambana na zebaki kwa kimeng'enya kiigeuzacho kuwa mvuke. Mvuke huo huenda zake hewani, na baadaye zebaki huanguka mahali pengine. Tena wapo bakteria wa matope yasiyo na oksijeni, ambao huigeuza zebaki kuwa methili-zebaki, sumu kali zaidi, iingiayo katika samaki na kumfikia mlaji. Sumu ya namna hiyo ndiyo iliyowaua watu wa Minamata, Japani, ambako ugonjwa ulitambuliwa mwaka 1956, ingawa kule ilitoka kiwandani.

Jambo hili latuhusu. Katika machimbo madogo ya dhahabu mkoani Geita, zebaki hutumika kunasa dhahabu, kisha huchomwa. Nyingine hubaki katika mchanga wa marudio, na mvua huweza kuukokota mpaka mtoni.

Sisemi wachimbaji waache kazi, kwani ndiyo inayowalisha watoto wao na kuwalipia vitabu. Nasema zebaki ichomwe katika chombo kinachonasa mvuke, ambacho pia humrudishia mchimbaji zebaki yake aitumie tena. Marudio yasimwagwe karibu na maji. Wazazi nao wasiruhusu zebaki ichomwe jikoni, mahali wanapolala na kula watoto. Nasi wanafunzi tusivunje betri kuukuu za magari uani, kwani risasi iliyomo itabaki pale pale tunapolima mchicha.

Bakteria hujiokoa wao wenyewe, hawakuajiriwa kutufagilia. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne