UKURASA WA WAZAZI: Batoto ya Bashinwa biko wapi?



Kolwezi, Likasi, Fungurume, Lubumbashi: mu miji yetu hii mutoto wa miaka mine amekwisha kumuona Muchina mbele ya kujua kusoma. Anamuona mu kamyo, anamuona ku duka, anamuona ku mulango wa kampuni na kofia ya kazi mu kichwa. Anapiga makelele "Nihao! Nihao!", kiisha anakimbia. Halafu anarudi ku nyumba na ulizo lake: "Baba, Bashinwa nabo biko na batoto? Batoto yabo biko wapi?"

Ulizo ni la kweli. Wengi wanaotumika huku wameacha bibi na watoto kwao, na mutoto wetu ameona vizuri kama kuna kitu kinakosekana. Lakini baba mumoja anajibu kwa muzaha, mwengine anajibu kwa hasira sababu asubui ile alitukanwa ku kazi. Jibu lolote atakalopata, mutoto anaweka mu kichwa, na linakaa. Mwezi huu tunataka kuwaonyesha jibu lingine, lile linalopatikana mu vitabu vya watoto.

Kuna kitabu kimoja cha picha kilichotoka ku China mwaka 2008. Aliyeandika maneno ni mama Yu Liqiong, aliyechora ni Zhu Chengliang. Jina lake kwa Kichina ni Tuanyuan, maana yake kukutana tena jamaa yote. Kimetafsiriwa mu luga zingine pia. Kinasema habari ya binti mudogo, Maomao. Baba yake anajenga nyumba kubwa kubwa mbali sana, na anarudi mara moja tu ku mwaka, siku za Mwaka Mupya. Siku anafika, Maomao anamuogopa. Anaangalia ule mwanaume wa ndevu anayetaka kumubeba, analia, anakimbilia mama. Baba anaenda kunyolewa, na kidogo kidogo sura ya baba inarudi.

Usiku wanatengeneza vidonge vya unga wa muchele unaonata, vinaitwa tangyuan. Ndani ya kidonge kimoja baba anaficha feza ya chuma, na mwenye kuikuta atakuwa na heri mwaka muzima. Maomao ndiye anaikuta. Anaiweka mu mufuko wa koti, anatembea nayo fasi yote. Siku za baba ku nyumba si siku za kulala tu: anatengeneza dirisha, anapaka mulango rangi, anabadilisha taa. Kisha feza inapotea wakati watoto wanacheza mu teluji, Maomao analia sana, na usiku inaanguka toka mu koti yake. Siku ya baba kurudi ku kazi anamuagiza kama atamuletea mwana-sanamu. Maomao anakataa. Anamutia baba ile feza mu mukono, airudishe mwaka ujao, waifiche tena mu kidonge.

Ni hayo tu. Hakuna joka, hakuna mufalme. Lakini musomee mutoto ambaye baba yake anatumika mbali ku mugodi na anarudi ku mwisho wa mwezi, ao ku Noeli. Hamutakuwa na lazima ya kumueleza kitu. Na ulizo la "batoto yabo biko wapi" limepata jibu: wako kwao, wanangoja baba, sawa vile wewe.

Wazazi wengine watatuambia: "Mwandishi, acha. Ule Muchina wako wa kitabu analia juu ya feza, lakini wangu wa ku kazi ananiongezea masaa na hanilipi." Tunawasikia. Tangu mapatano makubwa ya mwaka 2008 kati ya serkali yetu na makampuni ya China, kazi za mugodi na za barabara zimeleta mukate, zimeleta pia magomvi mengi, na magomvi mengine ni ya haki kabisa. Mushahara, mukataba, maji machafu: haya ni mambo ya kupeleka mbele ya sendika, mbele ya mukaguzi wa kazi, mbele ya tribinali kama inafaa. Hakuna kitabu cha watoto kitakachoyamaliza, na hatuombi mutoto afundishwe kunyamaza. Ila mutoto wa miaka mitano hawezi kwenda ku sendika. Ukimupa hasira yako, hana fasi ya kuipeleka isipokuwa kuzarau sura ya mutu. Na kuzarau sura ya mutu, sisi watu wa Kongo tunajua inatoka wapi.

Maana tuko na mufano mu nyumba zetu wenyewe. Tintin! Nani hakuona Tintin au Congo? Hergé, Mubeleji, aliichora mwaka 1930 na 1931 bila kukanyaga huku hata siku moja. Alitupatia midomo mikubwa na akili kidogo, na mupaka leo watoto wetu wanaisoma na kucheka wakambo wao. Kiisha, mwaka 1934, alitangaza ku gazeti lake kama Tintin sasa ataenda ku China. Hapo padri mumoja, Gosset, aliyechunga wanafunzi Wachina ku Louvain, alimuandikia kwamba afanye angalisho, wanafunzi wake watasoma, asiwachore kwa ujinga. Hergé akakutanishwa na kijana Muchina aliyekuwa akisomea sanamu ku Bruxelles, jina lake Zhang Chongren, ndiye tunayemusoma kwa jina la Tchang. Wote wawili walizaliwa mwaka 1907. Zhang akamufundisha namna ya kushika burashi, namna nyumba zinajengwa, namna watu wanavaa. Yale maandiko ya Kichina tunayoona ku kuta mu picha za Le Lotus bleu ni maandiko ya kweli, yeye ndiye aliyaandika, na mengine yanawapinga wazi wakubwa wa ugeni waliokuwa wanaitawala China wakati ule. Ndani ya hadisi, Tintin na Tchang wanaambiana uongo ambao watu wa Ulaya walisema juu ya Wachina, na wanacheka pamoja.

Muangalie tena ile Lotus bleu, lakini sasa muangalie Wajapani. Meno inje, sura mubaya. Hergé hakuwa na rafiki Mujapani. Alichora vizuri tu wale aliokuwa na mwenzao karibu naye ku meza. (Kitabu chenyewe kina mambo ya afyuni na ya kuua, tungekiachia watoto wa miaka kumi na kupita.)

Kwa hiyo mukishika kitabu juu ya China, ulizo la kwanza liwe: nani alikichora? Kuna kitabu cha Marekani cha mwaka 1938, kwa Kifaransa kinaitwa Les cinq frères chinois. Ndugu watano wenye sura moja tu, na hata watu wote wa muji wanafanana nao. Watoto wanakipenda, hadisi ni nzuri kabisa, lakini kinawaambia kitu ambacho walikwisha kusema wenyewe mu barabara, kwamba Bashinwa wote ni sawasawa. Ku upande wa pili, yuko Chen Jianghong. Alizaliwa ku Tianjin mwaka 1963, anakaa Paris tangu 1987, na vitabu vyake vinatoka kwa Kifaransa, ndiyo kusema watoto wetu wa kalasi ya tatu ao ya ine wanaweza kuvisoma bila kutafsiri. Kile chake tunachopenda zaidi ni Le Prince tigre, cha mwaka 2005. Tigre mama ameuliwa watoto wake na wawindaji, na kwa uchungu anashambulia vijiji. Mufalme anataka kutuma waaskari. Mwenye kuagua anamuambia hapana, umupatie mwana wako. Na mutoto Wen anaenda mu pori peke yake. Tigre anamubeba mu kinywa, na uchungu wa watoto wake unamurudilia: hamuli, anamulea. Muwe tayari kusoma mara mbili, sababu mutoto atataka kuhakikisha kwamba tigre hamuli kweli.

Sasa bei. Vitabu hivi vinatoka Ulaya, na mufuko wa muzazi tunaujua. Wale wa Lubumbashi wanaweza kuuliza ku biblioteki ya Halle de l'Étoile. Wengine muulize ku masomo na ku parokia, kitabu kimoja kinaweza kuzunguka nyumba makumi mawili kama watoto wananawa mikono. Na kama hakuna, hadisi haitaki karatasi. Ile ya Maomao mumekwisha kuisoma hapa juu, muieleze jioni kwa maneno yenu wenyewe. Msichana mukubwa wa nyumba ndiye anafaa kwa kazi hii, kuliko baba anayechoka.

Tena kuna kitu ambacho hakiombi hata franka: maandiko yao. Muchukue kijiti, muchore mu udongo mbele ya nyumba. Mistari miwili inayoegemeana juu, kama mutu anayetembea: huyo ni mutu, wanasema ren. Mumuongezee mustari mumoja ku mabega kama mikono iliyofunguliwa: sasa ni kubwa, da. Vichwa vitatu juu ya mustari mumoja, cha katikati kirefu: mulima, shan, na watoto wa Likasi hawatauliza kwa nini. Musalaba wenye mizizi miwili inayoshuka kuume na kushoto: muti. Na muti kwa Kichina wanasema mu! Ni bahati tu, luga hizi mbili si ndugu, lakini mutoto hatasahau tena. Mukichora miti miwili karibu karibu, ni pori. Mitatu, mumoja juu na miwili chini, ni pori nzito.

Hapo mutoto atachukua kijiti mu mikono yenu na atachora miti saba. Mwalimu wa Kichina angeifuta. Ninyi mumuulize kwanza ni pori gani.