Mesaji za kazi za uongo zizibwe zinakotoka

Anayetafuta kazi Kolwezi hazimi simu yake, hata usiku. Wadanganyifu wanalijua hilo. Mesaji zao zinafanana: mgodi mkubwa unaajiri madereva, walinzi na wasaidizi wa mafundi; leta jina lako, kisha tuma dola 20 za kufungulia dosie kwa namba hii, nafasi zinafungwa leo jioni. Kijana wa Manika au Dilala anakopa kwa mama yake, anatuma. Kesho yake namba haipatikani tena.

Ni rahisi kumcheka. Lakini kijana huyu anaona malori ya shaba yakipita kila siku, anajua kwamba nchi yake inatoa zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia, na amesikia mara nyingi kwamba fulani aliingia kazini baada ya kumpa mtu kitu kidogo. Mdanganyifu hakubuni rushwa. Aliikuta, akaiga sauti yake.

Hesabu yake ni nyepesi. Tuseme ametuma mesaji elfu moja, na watu watatu tu wakalipa: amepata dola 60 kwa gharama ya mayunite machache. Ndiyo maana hachoki, na ndiyo maana shauri tunalopewa kila siku, "muwe macho", halimpunguzii kitu. Watu 997 wakiwa macho, biashara bado inakwenda. Kinachomuumiza ni namba yake kufungwa kabla hajawapata wale watatu.

Tanzania wameshika njia hiyo. Anayepata mesaji ya utapeli anaipeleka kwenye namba 15040 ya mamlaka ya mawasiliano, TCRA, pamoja na namba iliyoileta, ili ifuatiliwe. Kadi za simu zinasajiliwa kwa alama za vidole, na kwa kubonyeza *106# mtu anaona namba zote zilizoandikwa kwa jina lake. Utapeli haujaisha huko, lakini aliyeletewa uchafu ana mahali pa kuupeleka. Kwetu wengi wanaufuta tu. Wengine, kwa moyo mzuri kabisa, wanausukuma kwenye kundi la familia au la kanisa, na hapo unapata nguvu mpya, kwa sababu sasa umeletwa na shangazi na si na mgeni.

Hatukosi sheria. Ile ya dijitali ya tarehe 13 Machi 2023 inagusa data za watu na uhalifu wa mitandaoni, na kadi ya simu inapaswa kusajiliwa. Lakini kadi inayouzwa chini ya mwavuli kando ya barabara, ikiwa imekwisha kuandikwa kwa jina la mtu mwingine, inaharibu kazi hiyo yote. ARPTC na kampuni za simu waanzie pale kwenye mwavuli. Kisha watupe namba moja fupi, inayojibu kwa Kiswahili, ya kupelekea mesaji hizi.

Na iwe ya bure. Watu hawajasahau RAM, ile rejista ya simu iliyoanza kuwakata mayunite mwaka 2020 kwa jina la kuwalinda, hadi ikafutwa mwaka 2022. Ulinzi mwingine wa kulipia hautapokelewa vizuri hapa.

Migodi nayo ina sehemu yake, na haigharimu kitu: ubao kwenye geti, na tangazo la redio kila wiki, kwa Kiswahili na si kwa Kifaransa peke yake, likitaja nafasi zilizo wazi, mahali pa kupeleka dosie, na kwamba hakuna anayelipa hata faranga moja kuipokelewa. Wiki isiyo na nafasi, waseme pia kwamba hazipo.