Umenunua Gemu au Umepangishwa?

Mnabishana nini, wadogo zangu?

Kila jioni kwenye mabanda ya gemu ya Mikumi, kuanzia stendi mpaka njia ya kwenda Kidatu, ubishi ni uleule. Kilosa mjini nako ni uleule. Mmoja anasema mashine mpya ya Nintendo, Switch 2, imewafunga midomo wengine wote kwa kushea gemu. Mwenzake anasema thubutu, PS5 ndiyo baba lao, akaunti moja inafungua gemu kwa nyumba nzima. Sauti zinapanda, pedi zinawekwa chini, mechi inasimama. Wengi wenu Switch 2 hamjaigusa hata kwa kidole, mmeiona kwenye simu tu, lakini mnaitetea kama vile mlichangia kuiunda.

Nimenyamaza vya kutosha. Naomba mnijibu: tangu lini kumwazima rafiki yako kitu chako mwenyewe kukawa jambo la kuombea ruhusa?

Hebu tuitazame hiyo sifa mnayoisifia. Switch 2 ilitoka Juni 5, 2025. Wiki chache kabla yake, mwishoni mwa Aprili, Nintendo walileta kadi pepe za gemu. Gemu uliyoinunua mtandaoni, wakasema, sasa unaweza kumwazima mwenzako. Mkashangilia. Je, masharti mliyasoma?

Huyo unayemwazima lazima awe ndani ya kundi la familia uliloliandikisha kwao. Mashine zenu lazima ziwe karibu, ziunganishwe ana kwa ana. Ni gemu moja tu kwa mtu mmoja kwa wakati mmoja. Na siku ya 14 ikifika gemu inarudi yenyewe kwa mwenyewe, awe amemaliza au ndiyo kwanza amefika katikati.

Siku 14! Hela nimetoa mimi. Mdogo ninayemwazima ni wangu mimi. Lakini siku za kukaa nayo zinapangwa Kyoto walipo Nintendo, na watu wasiojua kama mimi na mdogo wangu tunaishi duniani.

Kuna na hiyo GameShare ya Switch 2. Wewe una gemu, wenzako walio karibu wanacheza nawe bila kuwa nayo. Vizuri. Ila si kila gemu, ni zile tu ambazo waliozitengeneza wamekubali. Ukizima mashine yako, na wao wamekwisha. Na PS5 mnayoiita baba lao? Akaunti yako inawafungulia wengine kwenye PS5 moja tu. Ukitaka ya pili, uzime kwanza kushea kwenye ya kwanza.

Hicho ndicho mnachogombania. Mfungwa mmoja anamcheka mwenzake kwamba mnyororo wake ni mfupi.

Sasa niambieni kuhusu diski. Ninyi mnaijua kuliko mimi. Mnaijua ile diski ya FIFA iliyochubuka mpaka inang'aa kama kioo kibovu, inayofutwa kwa upindo wa fulana, inayopakwa dawa ya meno na kusuguliwa taratibu kutoka katikati kwenda nje mpaka ikubali kusoma. Mnajua ilikotoka: ilinunuliwa Kariakoo na mtu wa Morogoro, ikauzwa Kilosa kwa nusu ya bei, ikabadilishwa na God of War, ikapanda bodaboda ndani ya begi la shule, ikapita kijiji cha Ulaya na vumbi lake, ikashukia Mikumi. Njiani huko kote hakuna aliyeulizwa yuko kwenye familia ya nani. Hakuna aliyehesabiwa siku. Ulimpa mwenzako kwa sababu unamwamini, naye akairudisha au mkagombana mkayamaliza.

Kushea gemu hatukufundishwa na Nintendo wala Sony wenye PS5. Mitaa yetu yote imejifunza gemu kwa kushea. Wametunyang'anya, kisha wameturudishia kijiko kimoja kimoja, na sisi tunapiga makofi!

Nguo ya kuazima haisitiri matako. Wazee walisema, nasi tumeisikia tangu utotoni. Leo tumejaza mashine zetu nguo za kuazima na tunatembea kifua mbele.

Mnadhani natia chumvi? Itazameni FIFA hiyohiyo. EA, waliokuwa wakiitengeneza, waliachana na jina la FIFA, Septemba 2023 wakaleta EA Sports FC 24, na FIFA za miaka ya nyuma zikaondolewa kwenye maduka ya mtandaoni. Nenda leo katafute FIFA 14 kwenye maduka hayo. Hupati. Lakini ile diski iliyosuguliwa kwa dawa ya meno bado inacheza pale bandani, na watoto waliozaliwa baada ya gemu hiyo kutoka wanafungana magoli humo.

Au itazameni The Crew, gemu ya magari ambayo Ubisoft waliitoa mwaka 2014. Ilihitaji intaneti hata unapocheza peke yako chumbani. Machi 31, 2024 wakazima seva. Gemu ikafa siku hiyohiyo kwa kila aliyeilipia, na mwenye diski naye akabaki na kisahani cha plastiki. Ungenunua jembe sokoni Kilosa, ukalipeleka shambani Rudewa, halafu msimu wa tatu muuzaji aje alitoe mkononi mwako kwa kuwa ameamua kufunga duka, ungekaa kimya? Ungemwitia watu! Mbona kwenye gemu unakaa kimya?

California wamelazimika kutunga sheria, imeanza kazi Januari 2025. Muuzaji wa bidhaa za kidijitali akisema anakuuzia, sharti akueleze wazi kwamba unachopata ni leseni. Duka la mtandaoni la Steam likaanza kuliandika onyo hilo hata kabla ya sheria kuanza. Lakini fimbo ya mbali haiui nyoka. Sheria ya California haimlindi kijana wa Mikumi.

Na kijana wa Mikumi anaumia mara mbili. Tanzania haimo kwenye orodha ya nchi zinazotambuliwa na mtandao wa PlayStation. Haimo! Kwa hiyo ukifungua akaunti unaandika unaishi Marekani au Afrika Kusini, wakati unakaa nyuma ya kituo cha mafuta pale barabara ya Iringa. Vocha ya dola unainunua kwa mtu wa kati aliyepandisha bei anavyotaka. Siku akaunti ikifungwa utamlalamikia nani, kwa anwani ipi? Wengine mmeuziwa akaunti nzima na mtu msiyemjua, mkaingiza, mkacheza, kisha neno la siri likabadilishwa usiku. Hela imekwenda, gemu imekwenda, na namba ya muuzaji haipatikani. Diski gani iliwahi kubadilishwa neno la siri?

Halafu bando. Gemu kubwa za siku hizi zinakula GB 50, nyingine zinavuka 100. Pigeni hesabu kwa bei mnayoijua wenyewe, mniambie ni madebe mangapi ya mahindi. Umeme ukikatika katikati ya kushusha, bando lina siku zake za kufa, halikungoji.

Sasa Nintendo wamekuja na kadi ambazo ndani hazina gemu. Boksi unalo, kadi unayo, unaiingiza kwenye mashine, nayo inakwambia ushushe gemu yote kwa intaneti. Kadi ni ufunguo tu. Mtaniambia: lakini kaka, kadi hiyo si unaweza kuiuza na kuiazima? Naam, leo unaweza. Siku seva ikizimwa utakuwa unaazima ufunguo wa nyumba iliyobomolewa. Na wasitudanganye kwamba haiwezekani vinginevyo. CD Projekt Red waliiweka Cyberpunk 2077 yote, na ukubwa wake wote, ndani ya kadi ya GB 64 siku Switch 2 ilipotoka. Waliotaka waliweza.

Nasikia mnavyonong'ona: sisi inatuhusu nini, PS3 zetu zimechipiwa na fundi, gemu zote tunazo. Hapo ndipo panaponiuma zaidi. Aliyechipiwa hajalipa hata senti na hakuna anayemhesabia siku. Aliyejinyima, akauza kuku, akalipa halali, ndiye anayewekewa siku 14, ndiye anayeulizwa familia, ndiye anayefungiwa. Nataka tulipe. Watengenezaji wa gemu wale jasho lao. Lakini anayelipa apate mali, apate kitu anachoweza kukiuza shida ikimbana na kumrithisha mdogo wake akienda chuo.

Na mwenye banda je? Mmeshawahi kumfikiria? Anaishi kwa diski za mtumba. TV moja, PS4 mbili, benchi, na watoto wanaolipa kwa mechi. Mashine zijazo zikija bila mahali pa kuingiza diski, atanunua wapi cha bei nafuu? PS5 Pro ilitoka Novemba 2024 bila sehemu ya diski ndani yake; ukiitaka unainunua kando. Mnaona njia inakoelekea? Banda likifungwa watoto hawatakwenda maktaba. Watavuka barabara kwenye mashine za bonanza, kule kunakoliwa hela ya daftari. Hiyo ndiyo bei ya usingizi wenu.

Ndiyo, nimesema usingizi. Maana wenzenu wakiamka, mambo hubadilika, na si mara moja.

Mei 2013 Microsoft waliitangaza Xbox One. Mashine ilitaka iingie mtandaoni kila saa 24, na diski za mtumba zikawekewa vizuizi. Nao walikuja na utamu wa kushea: utaandikisha familia ya watu hadi 10. Watu wakaukataa utamu pamoja na sumu yake. Sony wakatoa video fupi kuonyesha namna ya kushea gemu ya PS4, mtu mmoja anampa mwenzake boksi mkononi, basi. Juni 19, 2013 Microsoft wakarudi nyuma. Haikufika hata mwezi tangu kutangazwa kwa mashine! Leo Sony haohao ndio wanaouza mashine isiyo na sehemu ya diski, kwa sababu wametuona tumelala.

Mei 2024 Sony walitaka kila mchezaji wa Helldivers 2 kwenye kompyuta awe na akaunti ya PlayStation. Gemu ikaondolewa sokoni katika nchi 177, zile ambazo mtandao huo hauzitambui. Wachezaji wakawaka moto. Siku chache tu, Sony wakaliondoa sharti hilo. Na baada ya The Crew kuzimwa, Ross Scott, mtu mmoja mwenye chaneli ya video, alianzisha kampeni ya kutaka gemu zisiuawe. Kufikia Julai 2025 saini zilizokusanywa kwa ajili ya Umoja wa Ulaya zilivuka milioni moja.

Kwa hiyo msiniambie dua la kuku halimpati mwewe. Hata hapa nyumbani lilimpata. Aprili 2021 bei mpya za bando zilipotangazwa, nchi nzima ilipiga kelele na Serikali ikaamuru zisitishwe. Wale waliopiga kelele ni sisi. Tulikuwa macho siku ile. Tumepatwa na nini?

Serikali nayo isijifiche. Tangu Julai 2022 Sheria ya Fedha inawatoza kodi wanaouza huduma za kidijitali kutoka nje. Kutoza wamejua, sijasikia la kutulinda. Sheria ya Ushindani ipo tangu 2003, na FCC, Tume ya Ushindani, ipo, na kumlinda mlaji ni kazi yake kwa sheria hiyo. Basi iwatake wanaotuuzia watuandikie kwa Kiswahili, mbele ya boksi na mbele ya kitufe cha kulipia: hii ni mali au ni leseni? Inahitaji intaneti au haihitaji? Seva ikizimwa nitabaki na nini? Maswali matatu hayahitaji semina ya hoteli.

Na wewe usingoje FCC. Ukitumwa Dar, ukifika Kariakoo, geuza boksi kabla hujatoa hela. Hizo kadi-funguo zina onyo lililoandikwa mbele, kwa chini, kwamba lazima gemu ishushwe. Ukiliona, lirudishe boksi mezani na umwambie muuzaji kwa nini. Nunua diski yenye gemu ndani yake. Nunua ya mtumba. Badilishaneni, uzianeni, azimaneni, bila kuulizana familia.

Jumamosi nitakuwa stendi ya Mikumi tangu asubuhi, na Jumapili Kilosa sokoni, nikikusanya majina ya barua ya kwenda FCC. Nataka niwaone wote wanaobishana kila jioni. Njooni na kalamu zenu.