Mkulima Mpya Si Mkaidi

Kila tunapojadili kilimo darasani, hakosi mtu wa kusema kwamba vijana walioingia shambani karibuni ni wakaidi: wanaletewa teknolojia, nao wanaiacha. Mimi napinga kauli hiyo, na ushahidi wangu uko shambani kwa kaka yangu.

Kaka aliacha kuendesha bodaboda mjini, akarudi nyumbani kulima matooke kwenye ekari moja aliyopewa na baba. Mwaka wa pili majani ya migomba kadhaa yakageuka manjano na kunyauka. Ndizi zikaanza kuiva kabla ya wakati, na ukizikata unakuta ndani zina rangi ya kahawia. Ulikuwa mnyauko wa bakteria, ugonjwa uliogunduliwa hapa Uganda mwaka 2001 na ambao hauna dawa ya kuuponya.

Bwana shamba alifika mara moja tu. Aliwakusanya wakulima chini ya mwembe, akawaambia wang'oe kila mgomba mgonjwa pamoja na yote iliyochipuka katika shina hilo, kisha akapanda pikipiki yake akaondoka. Kaka hakung'oa. Mimi nikiwa chuoni nilimtumia kwa simu kijitabu cha kurasa kumi na mbili, cha Kiingereza. Hakukisoma. Nikamwita mkaidi, na nilikosea.

Hebu fikiri, ndugu msomaji. Shina moja la migomba lina mama, mtoto na mjukuu. Mama akiugua, watoto wanaweza kuwa bado wazima. Mtu anakuambia uwaue wote leo ili shamba lipone kesho, na yeye hakuletei hata mche mmoja wa kufidia. Mwenye ekari tano anaweza kustahimili. Anayeanza, ambaye chakula na karo ya watoto vinatoka katika shamba hilohilo, akisita anapiga hesabu tu. Tunaita ukaidi kile ambacho ni woga wa kubeba hasara peke yake.

Aliyembadilisha kaka ni jirani yetu, mama mjane ambaye hajawahi kukaa katika semina yoyote. Naye alikuwa amepoteza migomba yake, kijiji kizima kikiona, kisha akafundishwa na dada yake. Alimkabidhi kaka kijiti chenye panda, akamwonyesha namna ya kuvunja ua dume mara tu kichane cha mwisho kinapotokea, kwa sababu wadudu hueneza ugonjwa kupitia ua hilo. Akamweleza kwa nini asitumie kisu: kisu hubeba utomvu wa mgomba mgonjwa hadi kwenye mgomba mzima. Panga nalo lipitishwe motoni kabla ya kwenda shina jingine. Na mgomba wenye dalili ukatwe huo peke yake, chini kabisa, mingine iachwe ikichunguzwa.

Kaka alijaribu kwenye mashina matano. Alipoona yamesimama, akaendelea na mengine. Msimu huu amekata mikungu ya kuuza.

Njia hiyo ya kukata mgomba mgonjwa peke yake inapendekezwa na watafiti wenyewe siku hizi. Basi kwa nini ilitufikia kupitia kwa mjane, na si kwa anayelipwa mshahara kuileta?

Wapo watakaosema serikali imetoa fedha. Ni kweli, tangu mwaka 2022 mpango wa maendeleo ya parishi unakopesha kaya shilingi milioni moja. Fedha hiyo hununua miche na mbolea, lakini haisimami nawe shambani siku jani linapogeuka manjano.

Ninachodai si kikubwa. Bwana shamba aanze na shamba la mkulima mmoja ambalo wenzake wanaweza kulitembelea. Afundishe kwa lugha ya kijiji, arudi mara ya pili na ya tatu. Anayeanza aruhusiwe kujaribu kidogo kabla ya kuhatarisha chote. Nasi wanafunzi tuache kutuma vijitabu, twende likizo tukashike jembe.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Teknolojia ni mgeni. Ikiingia ikamwacha mwenyeji akilia, tusimlaumu kwa kufunga mlango.