Mapaja ya mama si kinga ya mtoto garini

SI ajabu katika barabara za Nairobi asubuhi kumwona mtoto amesimama katikati ya viti vya mbele vya gari la kibinafsi, au mchanga amepakatwa na mamaye kando ya dereva. Babake amejifunga mkanda akihofia polisi wa trafiki. Mtoto hana kinachomshikilia.

Hali hii inaendelea zaidi ya miaka 20 tangu kanuni za aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi, marehemu John Michuki, zianze kutekelezwa Februari 2004. Kanuni hizo ziliwazoesha Wakenya kufunga mikanda na kuyalazimu matatu kuwa na vidhibiti mwendo. Hata hivyo, mkanda uliosisitizwa ni ule uliotengenezewa mwili wa mtu mzima.

Wazazi wengi huamini kwamba mikono yao inatosha. Ukweli ni kwamba gari lililo katika kasi ya kilomita 50 kwa saa likigonga kitu na kusimama ghafla, mtoto wa kilo 10 hurushwa mbele kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 300. Hakuna mzazi awezaye kuuzuia mzigo huo.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema viti maalum vya watoto vinaweza kupunguza vifo vyao kwa angalau asilimia 60. Lakini manufaa hayo hutegemea kiti kilichochaguliwa.

Mtoto mchanga ana kichwa kizito na shingo laini, hivyo kiti chake hutazama nyuma ili mgongo wote uupokee mshtuko. Kanuni ya Umoja wa Mataifa nambari 129 inataka asigeuzwe mbele kabla ya kutimiza miezi 15. Tangu 2018, chama cha madaktari wa watoto nchini Marekani kimeshauri aachwe hivyo hadi afikie upeo wa uzito au kimo cha kiti chenyewe.

Baadaye huhamia kiti kinachotazama mbele chenye mikanda yake, kisha kile cha kumwinua ili mkanda wa gari upite begani na nyongani, wala si shingoni na tumboni. Nchini Uingereza, sheria humtaka atumie kiti maalum hadi afikishe umri wa miaka 12 au kimo cha sentimita 135.

Kosa la kawaida ni kununua kiti kama sare ya shule: kikubwa, kwa matumaini kwamba mtoto atakua. Kiti kinachompwaya hakimshiki. Aidha, kiti kinachotazama nyuma hakifai kuwekwa mbele penye mfuko wa hewa usiozimwa, kwani ukifunguka humpiga mtoto kichwani.

Viti vya mitumba navyo vinahitaji tahadhari. Kilichowahi kuwa katika ajali huenda kina ufa usioonekana, na kisicho na kibandiko cha ubora hakimwambii mnunuzi kinafaa mtoto wa kimo au uzito gani.

Hata hivyo, kuwalaumu wazazi pekee ni kukwepa suala lenyewe. Familia nyingi hazina gari. Husafiri kwa matatu, ambamo mtoto anayepakatwa kwa kawaida halipiwi nauli. Mama akidai kiti cha mwanawe, atatozwa nauli ya watu wawili, na bado mkanda atakaoupata hautamtosha mtoto.

Kwa hivyo, sheria itakayomlenga mwenye gari peke yake itawaacha nje watoto wa maskini. Serikali ingeweza kuanza kwa kupunguza ushuru wa viti hivi na kuwataka wenye magari ya shule kuwa navyo, huku wahudumu wa matatu wakikatazwa kujaza abiria juu ya watoto.

Michuki alipoanza, wengi walidai mikanda haingewezekana nchini. Iliwezekana kwa watu wazima. Zamu ya watoto imechelewa.